Sosi ya Ndimu na Majani Mabichi kwa Sinia Moja

Katika nyumba nyingi za Pwani siku hizi, mchana wa Ijumaa baada ya Swala, sinia si moja tena. Sinia kubwa la pilau huwekwa mkekani kwa ajili ya watoto na wageni, na pembeni huwekwa sahani ndogo ya babu au ya bibi: wali mweupe usiotiwa chumvi na kipande cha samaki wa kuchemsha, kwa kuwa daktari amesema presha imepanda. Mgonjwa hula kimya huku akilitazama bakuli la kachumbari na kisahani cha achari vikipita mbele yake. Twazijua nyumba ambamo mzee huamka usiku kwenda kuinyemelea chupa ya achari kabatini. Hafanyi hivyo kwa ukaidi. Amechoka kula chakula kisicho na ladha, tena peke yake.

Tumeamua wiki hii kuandika juu ya jambo ambalo baadhi ya wasomaji wetu wataliona dogo, nalo ni namna ya kutengeneza nyumbani sosi ya saladi kwa ndimu na majani mabichi. Twaliandika kwa sababu alichokataza daktari ni chumvi. Ukali wa ndimu haukukatazwa, harufu ya nanaa haikukatazwa, wala pilipili manga haikukatazwa. Sisi wenyewe ndio tulioviondoa vyote kwa pamoja katika sahani ya mgonjwa, kana kwamba ladha na chumvi ni kitu kimoja.

Wali na kitu kikali ni ndugu wa tangu na tangu katika mwambao huu. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita kwetu karibu na mwaka 1331, aliandika kwamba alipokuwa mgeni Mogadishu aliletewa wali wa samli, na pamoja nao ndimu zilizotiwa chumvi, vichala vya pilipili vilivyosindikwa, tangawizi mbichi na maembe. Akaeleza kuwa watu wa huko walikuwa wakila tonge la wali kisha wakionja kidogo katika vile vikali. Alipofika Mombasa alitaja ndimu miongoni mwa miti ya kisiwa hicho. Na mwezi wa Aprili mwaka 1498, merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga nje ya bandari hiyohiyo zikiwa na mabaharia waliougua kwa kukosa matunda mabichi baharini, mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, miwa, na machungwa na malimau kwa wingi. Yaliyofuata baina yao si ya kusimulia katika ukurasa wa jikoni.

Tazama sasa ilivyokuwa ile ndimu ya Mogadishu: ilitiwa chumvi. Zama hizo hapakuwa na jokofu, na ndimu isiyotiwa chumvi huoza. Chumvi iliingia katika achari ili kuihifadhi, kisha ulimi ukaizoea, hata tukadhani kwamba hiyo ndiyo ladha yenyewe. Leo ndimu hupatikana Marikiti na Kongowea takriban mwaka mzima, na nyumba nyingi zina jokofu. Ile haja ya kuihifadhi kwa chumvi imeondoka, na mazoea yamebaki. Na kuna siri moja ambayo wapishi waijua bila ya kufundishwa: kitu kikali huuamsha ulimi kuihisi chumvi iliyomo, hata ikiwa ni chache. Kamua nusu ndimu juu ya mchuzi uliopoa ladha, kisha onja. Aghalabu hutahitaji kurudi kwenye kopo la chumvi.

Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi ambacho ni pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Hiyo ni hesabu ya siku nzima, na ndani yake imo chumvi ya mkate wa asubuhi, ya mchuzi, ya vidonge vya supu, ya viazi vya karai vya jioni na ya achari. Basi mwenye presha hana nafasi kubwa ya kuchezea.

Sosi yetu yahitaji vitu hivi. Ndimu tatu au nne zenye maji, zitoe robo kikombe. Mafuta nusu kikombe. Majani ya dania, ambayo vitabuni huitwa giligilani, kiasi cha gao moja la mkono, na nanaa nusu ya kiasi hicho. Punje moja ya kitunguu thomu. Asali kijiko kimoja cha chai, haradali iliyosagwa nusu kijiko cha chai, pilipili manga kwa kadiri upendavyo, na chumvi robo kijiko cha chai, isizidi. Hupatikana humo takriban vijiko kumi na viwili vya chakula, navyo vyatosha saladi ya watu sita. Ukiigawanya ile chumvi, kila mmoja atapata kama robo gramu tu. Na ambaye daktari wake amemkaza zaidi na asiitie kabisa, atie badala yake bizari nyembamba ya pilau iliyokaangwa kavu ikasagwa. Tumeijaribu kwa njia zote mbili, na hiyo ya bizari twaipenda zaidi kwa samaki wa kuchoma.

Anza kwa kuviringisha ndimu juu ya meza kwa kiganja, ukiikandamiza, mpaka uihisi imelegea. Ndimu iliyotoka katika jokofu ni bahili, kwa hiyo iache kwanza ipoe baridi yake, au ilowekwe kwa dakika chache katika maji ya vuguvugu. Kabla ya kuikata, ioshe vizuri na uparuze ganda lake la kijani kwa greta yenye matundu madogo. Chukua kijani peke yake, kwani humo ndimo yalimo mafuta ya harufu, na nyama nyeupe iliyo chini yake ni chungu. Jambo hili la ganda watu wetu wengi hulipuuza, wakaitupa nusu ya neema jaani. Kisha kamua na uchuje kokwa.

Tumia bakuli la kigae au la gilasi. Sufuria ya alumini haifai kwa kitu kikali, kwani hugusana na ule ukali na kuacha ladha ya chuma.

Thomu na chembe za chumvi vitwangwe pamoja katika kinu kidogo mpaka viwe kama uji mzito. Tia maji ya ndimu, ganda lililoparuzwa, asali na haradali, ukoroge. Mafuta huja mwisho, tena polepole, kwa mchirizi mwembamba, huku mkono mwingine ukipiga bila ya kusimama. Mafuta na maji ni mahasimu, na kila mmoja hutafuta upande wake. Ukiyapiga, mafuta hukatika yakawa matone madogo sana yaliyotawanyika ndani ya ndimu, na haradali na asali huyazuia yasikutane tena upesi. Ndiyo sababu sosi hugeuka rangi na kuwa nzito kidogo. Ikiachwa itatengana, na hilo si kuharibika, itikise tu. Asiyetaka kazi ya kupiga na atie vyote katika chupa ya mdomo mpana, afunge kifuniko barabara, kisha ampe mtoto wa miaka saba aitikise mpaka achoke. Watoto huipenda kazi hii kuliko kazi nyingine yoyote ya jikoni. Na baba naye asione haya kukamua ndimu nyumbani kwake. Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, alikuwa akiwasaidia watu wa nyumba yake, kama alivyosimulia Bibi Aisha.

Majani ya dania na nanaa yakatwe mwisho kabisa, kwa kisu kikali, na yatiwe wakati wa kuandaa. Kisu butu huyaponda yakawa meusi, na ukali wa ndimu nao huyababua rangi yakikaa humo muda mrefu. Mwenye blenda anaweza kuyasaga pamoja na sosi akapata kitu cha kijani kibichi kinachopendeza macho, ila na akitumie siku hiyohiyo. Mrehani pia hufaa, majani mawili matatu, kwa wale ambao hawaoni ajabu kula kile tulichokizoea kwa harufu tu.

Sasa twaja kwenye mafuta, na hapa wengi hukata tamaa, kwa kudhani kwamba pasipo mafuta ya zeituni hapana saladi. Mafuta ya zeituni yana sifa yake, na mti wake umetajwa kwa baraka katika Sura ya An-Nur. Lakini bei yake si ya kila mfuko. Mafuta ya alizeti hufanya kazi vizuri, na kwa kuwa hayana harufu kali huiacha ndimu ijisemee. Mafuta ya simsim yana harufu nzito, kwa hiyo tia kijiko kimoja tu ndani ya mengine. Mafuta ya nazi huganda katika jokofu, na sosi yako utaikuta ina mabonge. Ukiitaka nazi, tumia tui bubu la kukamuliwa nyumbani, zito, ulichanganye na ndimu, tangawizi na dania. Ni sosi nzuri mno juu ya matango na embe bichi, ila hailali. Kuleni siku hiyo, iishe. Na mafuta, hata yakiwa ya zeituni, ni mafuta: kijiko kimoja cha chakula kina kama kalori 120, basi anayeangalia uzito wake asiogeleshe majani ndani yake. Vitabu vya wapishi wa Ulaya husema mafuta yawe mara tatu ya kitu kikali. Sisi tumeandika mara mbili, kwa kuwa ndimi za Pwani zimelelewa kwa ukwaju, na wengine wetu hata nusu kwa nusu hawakunji uso.

Juu ya aina za matunda kuna tahadhari ambayo hatukubali kuipita kwa haraka. Ndimu waweza kuibadilisha kwa limau, au ukachanganya ndimu na chungwa tamu kwa ajili ya watoto. Danzi hutoa sosi yenye harufu isiyo na mfano, na balungi pia lina watu wake. Lakini balungi na danzi yana kemikali ambazo huzuia kazi ya kimeng'enya fulani cha utumboni, kile kinachopunguza nguvu za baadhi ya dawa kabla hazijaingia katika damu. Kikizuiwa, dawa huingia kwa wingi kuliko alivyokusudia daktari. Miongoni mwa dawa hizo zimo baadhi ya dawa za presha na baadhi ya dawa za kupunguza kolesteroli, yaani dawa za haohao tunaowatengenezea sosi hii. Basi anayetumia dawa hizo na ajiepushe na balungi na danzi mpaka amwulize daktari au mfamasia, na aulize pia kama anakusudia kula ndimu kwa wingi kila siku. Kadhalika asidanganyike na ile chumvi mbadala ya madukani bila ya kuuliza. Nyingi hutengenezwa kwa potasiamu, nayo yaweza kumdhuru mwenye maradhi ya figo au anayetumia aina fulani za dawa za presha. Wenye vidonda vya tumbo nao wapunguze ndimu, waongeze majani. Na asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata ndani ya sosi.

Wapo watakaotuuliza kwa nini tujichoshe ilhali chupa zimejaa madukani. Hatuharamishi chupa. Twasema zisomwe. Geuza chupa utazame safu ya sodiamu. Watengenezaji wengi huandika sodiamu badala ya chumvi, na ili kuijua chumvi yenyewe huna budi kuzidisha kwa mbili na nusu. Ikiandikwa miligramu 300 kwa kipimo cha vijiko viwili, hiyo ni robo tatu ya gramu ya chumvi, mara tatu ya sosi yetu ya nyumbani, na ni nani ahesabuye vijiko anapoinamisha chupa? Angalia na sukari: ikiwa jina lake limo katika matatu ya mwanzo ya orodha, hicho ni kitu kitamu kilichovaa nguo za saladi.

Katika orodha hiyohiyo waweza kukuta siki ya mvinyo. Siki yenyewe imesifiwa na Mtume, rehema na amani zimfikie, kuwa ni kitoweo chema, katika hadithi ya Jabir bin Abdillah iliyomo katika Sahihi ya Muslim. Maneno ya wanavyuoni yako katika mvinyo uliogeuzwa siki. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Pwani, mvinyo uliogeuka wenyewe bila ya kutiwa kitu huwa tohara, na uliogeuzwa kwa kutiwa kitu hautohariki. Wenzetu wa Kihanafi wameruhusu hata huo wa pili. Viwandani aghalabu hutiwa chachu ya siki ili kazi iende mbio. Atakaye kulifuatilia na amwendee mwalimu wake msikitini. Sisi twaona kwamba mwenye ndimu tatu jikoni hana haja ya kulipa kwa shilingi swali ambalo angeweza kuepukana nalo.

Tumalizie usafi, kwa sababu hapa ndipo saladi nzuri hugeuka kuwa maradhi. Fungu la dania lililofika sokoni limepita mikono mingi na maji mengi. Lifungue kamba, tupa mizizi na majani yaliyooza, ulizamishe katika bakuli kubwa la maji, uyainue majani yakiacha mchanga chini, urudie mara tatu. Maji ya mwisho yawe ya kuchemshwa au yaliyotiwa dawa, hasa kwa wanaotegemea visima. Kuna imani iliyoenea kwamba ndimu huua kila kitu, kwa hiyo majani yakikamuliwa ndimu yamekuwa masafi. Msiitegemee imani hiyo, na msimu wa kipindupindu msiikaribie. Baada ya kuosha, kausha majani kwa kitambaa safi, kwani majani yenye maji huikataa sosi ikateremka yote chini ya bakuli.

Sosi ikae katika jokofu, itumike ndani ya siku tatu. Thomu mbichi iliyozama ndani ya mafuta na kuachwa mezani kwa siku kadhaa yaweza kuotesha vijidudu vinavyotoa sumu ya botulizimu, sumu isiyoonekana wala kunusika. Kwa hivyo tengenezeni kidogo kidogo. Na aliyekamua ndimu na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kutoka uani kuanika nguo: maji ya ndimu yakikutana na jua kali juu ya ngozi huunguza, yakaacha mabaka meusi ya wiki nyingi ambayo watu huyadhania kuwa maradhi mengine.

Vitunguu vya kachumbari vikisuguliwa chumvi kama ilivyo desturi, visuuzwe mara mbili kwa maji safi mpaka chumvi ile iondoke, vikamuliwe, ndipo vichanganywe na nyanya, matango na saladi ya majani. Sosi imwagwe watu wameshakaa mkekani. Ikimwagwa mapema, majani hunyauka na nyanya hutoa maji. Pilau ya siku hiyo ipikwe kwa chumvi pungufu kwa wote, na anayetaka zaidi aongeze upande wake wa sinia. Baada ya wiki mbili tatu ulimi huzoea, na hata watoto hawatauliza.

Ndimu zikipanda bei, kama zinavyopanda kila Ramadhani, loweka ukwaju kiasi cha yai katika nusu kikombe cha maji ya moto, ufikiche, uchuje, ulitumie rojo lake mahali pa ndimu. Ongeza asali nusu kijiko na upunguze mafuta kidogo, kwani ukwaju ni mzito. Hapo dania ifanye nyingi, na nanaa iache.